Kilomita 20,000 au 15,000: Namna Nilivyopata Kipindi cha Kumwaga Oili ya Sintetiki Kwenye Malori Yangu

Lori langu la Scania R420, linalopakia bandarini Dar es Salaam na kushusha Tunduma, linamwagwa oili kila baada ya kilomita 20,000. Lori la pili ni la aina hiyohiyo, lina injini ya aina hiyohiyo na linatumia oili ileile ya sintetiki inayotoka kwenye pipa moja, lakini lenyewe linamwagwa kila baada ya kilomita 15,000, kwa sababu huvuka mpaka na kwenda hadi Lubumbashi. Naanza na namba hizi mbili kwa makusudi, maana mwenye lori anayeuliza oili ya sintetiki inakaa kilomita ngapi kwa kawaida hupewa namba moja tu, nami niliwahi kuiamini namba ya namna hiyo ikaniharibia injini.

Lori la kwanza nililinunua mwaka 2016, likiwa limetumika Uingereza. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha huduma, na nilipokisoma niliona kwamba waliolimiliki kule walikuwa wakibadilisha oili kwa vipindi virefu mara mbili hadi tatu ya vile alivyovizoea fundi wangu. Kwa hiyo muuzaji wa oili aliponiambia kwamba nikihamia kwenye sintetiki naweza kwenda kilomita 45,000 bila wasiwasi, sikuhitaji kushawishiwa sana, kwa kuwa nilikuwa na kitabu kilichoonekana kumuunga mkono. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili na ushee, na katika muda wote huo lori halikuonyesha dalili yoyote ambayo mimi ningeweza kuitambua.

Mwaka 2019, lori likiwa linarudi tupu kutoka Tunduma, dereva alisimama Mafinga kunywa chai, na injini ikiwa imepata moto na inaunguruma taratibu taa ya presha ya oili ikawaka. Alizima injini papo hapo akanipigia simu, na kwa uamuzi huo aliokoa krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Fundi alipofungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, alikuta masizi yaliyoganda chini mfano wa lami, na alipozitoa bering za konrodi (vyuma laini vinavyokaa kati ya mikono ya pistoni na krankshafti) zilikuwa zimelika hadi rangi ya shaba imejitokeza katikati. Kuirudisha injini ile barabarani kulinigharimu zaidi ya fedha zote ambazo ningetumia kununua oili na filta kwa miaka minne, bila kuhesabu wiki tano ambazo lori lilikaa gereji na mteja akatafuta usafiri mwingine.

Jambo la kwanza nililotaka kulijua lilikuwa kama niliuziwa oili feki. Kwenye pipa lilikuwa limebaki kiasi cha kutosha, nikapeleka chupa moja ya oili hiyo mpya maabara, na majibu yakaonyesha kwamba ilikuwa oili halali yenye viwango vilivyoandikwa juu ya pipa. Oili haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuchukua kipindi kilichopangwa kwa ajili ya barabara, dizeli na vumbi la nchi nyingine, nikakitumia hapa kana kwamba injini haijui ipo wapi.

Nieleze ninachomaanisha, kwa kuwa hapa ndipo wamiliki wengi wanapopotea. Dizeli ina salfa. Ikiungua, salfa hiyo pamoja na unyevu hutengeneza asidi, na sehemu ya asidi hiyo hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Oili ya injini ya dizeli hutengenezwa ikiwa na akiba ya alkali ya kuua asidi hiyo, akiba ambayo kwenye karatasi za maabara na za watengenezaji huandikwa TBN. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dizeli ya barabarani, tangu mwaka 2009, hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 za salfa katika sehemu milioni moja. Katika Afrika Mashariki kiwango tulichokubaliana kuanzia mwaka 2015 ni sehemu 50, jambo ambalo ni hatua kubwa tukilinganisha na dizeli tuliyokuwa tukiitumia zamani, lakini bado ni mara tano ya kile ambacho lori langu lilikuwa likikitumia lilipokuwa Uingereza. Akiba ya alkali huliwa upesi zaidi kadiri salfa inavyoongezeka, na ikiisha, asidi huanza kula bering, hasa tabaka laini la juu. Ndicho alichokiona fundi wangu.

Uzito nao una sehemu yake. Lori lenye tela kwenye barabara zetu huruhusiwa kufikia jumla ya tani 56, na ukitoka Dar es Salaam ukiwa na uzito huo unapanda mlima Kitonga kwa gia za chini huku turbo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu. Injini inayosukumwa namna hiyo huchoma dizeli nyingi kwa kila kilomita, na kila lita inayochomwa huacha masizi na asidi kidogo ndani ya oili. Juu ya hayo kuna foleni. Kati ya Dar es Salaam na Tunduma lori hupita mizani ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, na katika kila kituo linaweza kukaa na injini ikiwa kwenye sailensa, kilomita zisisogee wakati oili inaendelea kuchoka. Mpakani hali huwa nzito zaidi. Kwa upande wa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, dereva wangu amewahi kukaa siku mbili akisogea kidogo kidogo, injini ikizimwa na kuwashwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuhesabu.

Sasa, je, oili ya sintetiki haina faida? Ina faida kubwa, na ndiyo maana sijarudi kwenye oili ya kawaida. Inastahimili joto la turbo bila kuungua na kuacha mkaa, haipotezi uzito wake mapema (yaani haiwi nyepesi kama maji), na alfajiri ya mwezi Julai kule Makambako, baridi inapokuwa kali, inafika juu kwenye vali haraka zaidi kuliko oili ya kawaida. Hata hivyo masizi yanayoingia kwenye oili ya sintetiki ni yaleyale, asidi ni ileile na vumbi ni lilelile, kwa sababu vyote hivyo vinatoka kwenye dizeli na kwenye hewa. Akiba ya alkali pia haitokani na usintetiki wa oili, bali hutokana na viambato ambavyo mtengenezaji huviongeza, na ipo oili ya kawaida yenye TBN kubwa kuliko baadhi ya oili za sintetiki. Kwa hiyo mtu anayekuambia uongeze kipindi kwa sababu tu oili ni ya sintetiki amekupa sababu isiyotosha.

Baada ya injini kutengenezwa niliamua kutafuta namba yangu mwenyewe kwa kupima oili maabara, na ningemshauri kila mwenye lori afanye hivyo walau mara moja katika maisha ya lori lake, hata kama ana lori moja tu. Sampuli huchukuliwa injini ikiwa na moto, muda mfupi baada ya lori kusimama, kabla uchafu haujazama chini. Ama unaivuta kwa mpira safi kupitia tundu la stiki ya oili, ama unasubiri wakati wa kumwaga, ukiacha lita za mwanzo zipite ndipo unakinga chupa katikati ya mkondo, kwa kuwa oili ya mwanzo hutoka na takataka zilizotulia kwenye sampu na itakupa picha mbaya kuliko hali halisi. Chupa iwe safi na kavu kabisa. Andika juu yake kilomita za oili hiyo, kilomita za lori na lita ulizoongeza njiani, maana kila lita mpya unayoongeza hurudisha sehemu ya akiba ya alkali na kupunguza ukali wa uchafu, na mtu wa maabara asipojua hilo atakuambia oili bado ni nzima.

Nilichukua sampuli kwenye kilomita 10,000, 15,000, 20,000 na 25,000. Oili ilianza na TBN ya 13. Kwenye kilomita 10,000 ilikuwa 10, kwenye 20,000 ikawa karibu na 7, na kwenye 25,000 ilikuwa imeshuka chini ya 6 huku madini ya chuma yakipanda ghafla, ilhali hadi hapo yalikuwa yakipanda polepole. Kanuni ambayo mafundi wengi wa injini kubwa huifuata ni kumwaga oili akiba hiyo inapofikia nusu ya ilivyoanza, na kwa lori langu nusu hiyo ilikuwa mbele kidogo tu ya kilomita 20,000. Ndipo nilipoiweka namba yangu. Lori la Lubumbashi nililipima kwa njia hiyohiyo, na lenyewe lilifika kwenye nusu likiwa halijamaliza kilomita 17,000, tena likiwa na silikoni nyingi, ambayo ni dalili ya vumbi. Nikalipangia 15,000.

Kwa mtu ambaye hana nafasi ya kwenda maabara kila mara, kipimo ninachokiona bora kuliko kilomita ni lita za dizeli. Lori langu la Tunduma, ukichanganya safari ya kwenda na mzigo na ya kurudi tupu, hula wastani wa lita 42 kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 20,000 ni sawa na lita 8,400 za dizeli. Hesabu ya dizeli ina uzuri wake: inajumlisha foleni, mlima na uzito wa mzigo bila wewe kulazimika kukisia, na ni hesabu ambayo kila mwenye lori tayari anaishika kwa makini kuliko nyingine zote, kwa kuwa dizeli ndiyo gharama yake kubwa. Siku hizi nikiona lita 8,400 zimefika na mita ya kilomita inasoma 18,500, namwaga oili bila kubishana na mita. Kwa anayependelea saa, mimi huihesabu saa moja ya injini kuunguruma lori likiwa limesimama kuwa sawa na kilomita 40 za barabarani.

Kuna dalili moja ambayo lazima niizungumze kwa urefu, kwa sababu ilitufurahisha pale ilipopaswa kututia hofu. Mwaka 2021 dereva wa lori la Lubumbashi aliniambia kwamba injini haili oili hata kidogo, na kwamba kwenye stiki oili ilionekana kuwa juu kuliko siku ilipowekwa. Sote tulilichukulia kuwa jambo jema. Oili haiwezi kuongezeka yenyewe ndani ya injini. Katika injini za aina hii injekta, yaani vinyunyizi vya dizeli, hukaa ndani ya siliinda hedi, chini ya kifuniko cha vali, na mipira midogo inayoziba kuzunguka injekta ikichakaa dizeli huvuja na kushuka moja kwa moja kwenye sampu. Tulipopima, oili ilikuwa imepoteza uzito wake kiasi kwamba haikustahili tena kuitwa 10W-40, daraja la uzito lililoandikwa kwenye pipa. Oili iliyochanganyika na dizeli haifai hata ikiwa na kilomita 3,000 tu, iwe ya sintetiki au ya kawaida, na kuimwaga bila kubadilisha mipira ya injekta ni kupoteza fedha. Tangu siku hiyo madereva wangu wana agizo la kunipigia simu oili inapopanda, si inaposhuka tu, na waichovye stiki asubuhi kabla ya kuwasha injini, lori likiwa mahali tambarare. Wakiinusa na kupata harufu ya dizeli, safari inasubiri.

Weusi, kwa upande mwingine, usikutishe. Oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya safari ya kwanza, kwa kuwa kazi yake mojawapo ni kuyashika masizi yasigande, na oili inayokuwa nyeusi inafanya kazi hiyo. Rangi ya kuogopa ni ile ya maziwa au chai ya maziwa, ambayo ina maana kwamba maji yameingia.

Filta ya oili hubadilishwa kila oili inapomwagwa, bila mjadala. Injini ya Scania ina pia chombo kingine cha kusafisha oili kinachozunguka kwa kasi na kuyabandika masizi kwenye ukuta wake wa ndani, na hiki wamiliki wengi hawajui hata kama kipo. Kifungue kila unapomwaga oili. Ukikuta tabaka la uchafu mgumu, kinafanya kazi, na ukikuta tabaka hilo ni nene sana ujue kipindi chako ni kirefu mno. Ukikikuta kisafi, usifurahi: hakizunguki, na masizi yote yamebaki kwenye oili. Lori langu, siku injini ilipofunguliwa, lilikuwa na chombo hicho kikiwa kimejaa hadi hakikuweza kupokea zaidi, na hakuna aliyekuwa amekigusa tangu nililinunua.

Kuhusu vumbi, silikoni iliyoonekana kwenye lori la Lubumbashi haikutokana na oili bali na filta ya hewa. Utingo wetu alikuwa na tabia, ambayo imeenea katika kila kituo cha malori, ya kuitoa filta ya hewa na kuipuliza kwa kompresa kila wiki. Upepo wa kompresa hutoboa matundu madogo kwenye karatasi ya filta ambayo macho hayayaoni, na kila kuitoa na kuirudisha ni nafasi ya vumbi kupita pembeni. Tuliacha kupuliza, tukawa tunaibadilisha kabisa kiashiria kinapoonyesha imeziba, na sampuli iliyofuata silikoni ilishuka zaidi ya nusu. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu vumbi likishaingia kwenye oili linasaga ringi na slivu bila kujali oili imegharimu kiasi gani.

Katika kuchagua oili, soma herufi na namba zilizo nyuma ya galoni kabla ya kusoma jina la mbele. Kwa malori yetu yasiyo na kichujio cha masizi kwenye eksozi, na kwa dizeli yetu, mimi hutumia oili yenye kiwango cha ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) E4 au E7, au API (taasisi ya petroli ya Marekani) CI-4, kwa kuwa viwango hivyo vinaruhusu akiba kubwa ya alkali. CK-4, kiwango kingine cha API kilichoanza mwaka 2016, ni oili nzuri na ya kisasa zaidi, ila ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani ambako dizeli ina salfa isiyozidi sehemu 15, kwa hiyo ukiitumia kwenye injini ya zamani huku kwetu usirefushe kipindi kwa kuitegemea. Kinyume chake ni hatari pia: mwenye lori jipya la Euro 6, yaani la kiwango kikali cha moshi cha Ulaya, asiweke oili ya E4 au CI-4 bila ruhusa ya mtengenezaji, kwa sababu majivu yake huziba kichujio cha eksozi, na kichujio hicho ni ghali mno. Njiani, mpe dereva galoni iliyofungwa ya oili ileile iliyo ndani ya injini. Oili ya kupima inayonunuliwa pembeni ya barabara hujui imetoka wapi, na hata ikiwa halali, sintetiki iliyochanganywa na oili ya kawaida inapaswa kuhesabiwa kipindi cha oili ya kawaida.

Kwa pikapu na malori madogo namba zangu hazifai kabisa. Canter inayosambaza soda Kariakoo haifiki mwendo wa maana kutwa nzima, sampu yake ni ndogo, na uchafu uleule unagawanywa katika lita chache, kwa hiyo sintetiki au la, singevuka kilomita 7,500. Toyota Hilux zenye injini za 1KD na 2KD zina tatizo lao linalojulikana kwa mafundi: washa (pete za kuziba) za chini ya injekta zikichoka, moshi wa moto hupenya na kuigeuza oili kuwa mkaa, nao mkaa huo huziba chujio la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu. Huko mimi humwaga kila kilomita 5,000, na washa hubadilishwa kabla hazijavuja.

Lori likikaa bila kazi, mwaka mmoja ndio mwisho, hata kama limetembea kilomita 4,000 tu.

Kwa anayenunua lori lililotumika na kutaka kuliingiza kwenye sintetiki, nashauri asianze na kipindi kirefu. Hujui lilibeba oili gani wala masizi kiasi gani yameganda ndani yake, na oili mpya yenye sabuni nyingi italegeza masizi hayo na kuyapeleka kwenye filta. Lori la pili nilipolinunua nililimwaga baada ya kilomita 5,000, nikabadilisha filta na kusafisha chombo cha kuzungusha masizi, nikarudia tena baada ya kilomita nyingine 5,000, na mara ya pili uchafu uliotoka ulikuwa chini ya nusu ya ule wa kwanza. Katika mzunguko wa tatu, oili ilipofikisha kilomita 10,000, ndipo nilipochukua sampuli ya kwanza na kuanza kuhesabu.